Andika Kwanza X Haiwezi Kuwa Nini

Baba yangu hakuwahi kutoa vema ya huruma. Alifundisha hisabati sekondari mpaka akastaafu, na katika miaka yote hiyo mwanafunzi aliyelia, aliyefiwa, aliyeletwa na mzazi mwenye gari, wote walipata walichoandika. Mimi mwanawe wa kumzaa niliwahi kupata sifuri kwa mkono wake, kwenye korido ya nyumba yetu wenyewe, na jioni ile ile akanimenyea chungwa. Nilipomnunia alishangaa kweli. Sifuri ni ya hesabu, alisema, chungwa ni la binti yangu, vinahusiana nini?

Nyumba ilikuwa Kariakoo, moja ya zile chache za Kiswahili zilizosalia: korido katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma. Upande mmoja lilikuwa limepanda ghorofa la mabegi, upande wa pili ghorofa la makava ya simu, na jua likawa linatufikia adhuhuri tu. Ukutani mwa korido baba alipaka kipande cha rangi nyeusi, upana wa kitanda, ukawa ndio ubao wa twisheni. Watoto wa mtaa mzima walikaa kwenye mkeka mbele yake. Mimi nilikaa hapo mpaka nikamaliza fomu foo, nikatoka nikaenda kuuza zipu, nyuzi na vifungo mtaa wa pili, na ubao ulikuwa bado upo.

Somo alilolipenda kuliko yote ni milinganyo yenye sehemu, hasa ile ambayo x imekaa chini ya mstari. Hapo ndipo watu wanapochujwa, alikuwa akisema. Juu ya mstari x ina uhuru wake. Chini ya mstari hairuhusiwi kuwa namba itakayofanya pale chini pawe sifuri, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kugawa kwa sifuri. "Nina machungwa kumi, nayagawa kwa watu sifuri, kila mmoja atapata mangapi?" Tulikuwa tunabaki tunatazamana. Basi kabla hujagusa chochote, pembeni kabisa, unaandika x haiwezi kuwa nini. Halafu unazidisha kila kipande kwa kile cha chini ili sehemu ziondoke. Kila kipande, alisisitiza, hata kile kisicho na kitu chini yake. Ukishapata jibu, unarudi kwenye ule mstari wa kwanza kuangalia. Kama jibu lenyewe ni lile ulilolikataza, unalitupa. Sisi wasichana alitutania kwamba jibu ni kama mposaji: akibisha hodi usikimbilie kupiga vigelegele, angalia kwanza kama si yule uliyeambiwa usimkubali.

Ugonjwa wa kusahau ulimwanza baada ya mama kufariki. Mwanzoni alipoteza miwani na funguo, kama wazee wote. Kisha akaanza kumuulizia mama wakati wa kula. Tulimwambia ukweli, akalia kama aliyefiwa siku hiyo hiyo, na kesho yake akauliza tena. Ikabidi tuache. Tukawa tunamwambia mama yuko sokoni, anarudi. Baada ya hapo ikafika zamu yangu. Siku moja niliingia na chakula, nikamwamkia, akaitikia "Marahaba" kwa upole sana, kisha akauliza mimi ni mtoto wa nani.

Ubao haukusahaulika. Niligundua kwa bahati tu, siku nilipochukua chaki nikaandika mbili juu ya x, jumlisha moja juu ya tatu, ni sawa na moja. Alikuwa amejilaza kwenye kiti, akaketi wima. Akainuka, akanipokonya chaki. Aliandika kwanza kwamba x haiwezi kuwa sifuri. Akazidisha kila kipande kwa tatu x, akapata sita jumlisha x ni sawa na tatu x, x ni tatu. Akairudisha mahali pake: theluthi mbili na theluthi moja, moja kamili. Akapangusa mikono. "Binti, umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

Tangu siku hiyo nikawa nafunga kibanda alasiri, nakwenda kumwandikia. Dakika zile alikuwa baba yangu, hata kama mimi sikuwa binti yake. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nikitoka pale hata wateja wenye kero niliwavumilia, na mimi si mtu wa kuvumilia.

Kaka yangu ni wakala wa forodha, kazi yake ni kutoa mizigo bandarini. Sitamsema kwamba hakumpenda baba. Kila asubuhi, kabla ya kwenda bandarini, alipita kumwogesha, akamkata kucha, akamvalisha shuka safi. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana kaka mbaya ningejua la kumfanya. Alitaka nyumba iuzwe na baba akakae kwake Chanika. Maji machafu ya maghorofa yalikuwa yanaingia uani kwetu, kuta zilikuwa zimepasuka, na mara moja baba alituponyoka, akaokotwa Posta akiwa peku, anawauliza watu waliotoka maofisini njia ya kwenda shule.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, mdogo wangu," kaka aliniambia. "Na hapa hakuna ukuta, kuna nyufa tupu."

"Hapa anajua choo kiko wapi."

"Na kwangu atajua."

"Hatajua! Kaka, huyu hajifunzi kitu kipya tena. Anakwenda kwa mkono, anapapasa ukuta. Ukimtoa hapa umemtoa duniani."

Nilitaka kitu kimoja tu, baba afie mle. Kisheria nyumba ilikuwa yake, hakuna wa kuiuza ila yeye, na wakili aliyetafutwa na kaka alishasema hapokei saini ya mzee mpaka ajiridhishe mwenyewe kwamba ana akili timamu. Kwa hiyo ule ugonjwa niliokuwa nikiuombea dua uondoke ndio uliobaki kuilinda nyumba ya baba. Niliona aibu kuutegemea, lakini niliutegemea.

Wakili alikuja asubuhi, kijana nadhifu mwenye mkoba. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umechelewa, kaa nyuma."

Tulicheka wote, hata mimi. Wakili akaketi kwenye stuli koridoni, akauliza leo ni siku gani. Baba akamuuliza, "Wewe huijui?" Akauliza ana watoto wangapi. "Arobaini na tano, na madawati hayatoshi." Akauliza mke wake yuko wapi. "Yuko sokoni." Nilimwona wakili anafunga kalamu taratibu, akamtazama kaka kwa macho ya pole. Nilitazama chini ili furaha yangu isionekane.

"Muulize hesabu," kaka akasema.

"Samahani?"

"Wakili, hayo mengine hata mimi nasahau tarehe. Huyu ni mwalimu wa hisabati, muulize hesabu uone kama hana akili. Mdogo wangu, si huwa unamwandikia? Mwandikie."

Mimi sikujua kama alikuwa anajua. Nilichukua chaki. Ningeweza kukataa, lakini kukataa kungekuwa sawa na kusema kwamba anaweza. Nikaandika ule mlinganyo ambao nilishauona unaangusha darasa zima: x juu ya x toa tatu, ni sawa na tatu juu ya x toa tatu, jumlisha mbili. Ile mbili haina kitu chini yake, wengi husahau kuizidisha, wanapata tano kwa furaha. Anayekumbuka kuizidisha anapata tatu, anaipigia mstari, na tatu ndiyo namba iliyokatazwa, kwa sababu tatu toa tatu ni sifuri. Mlinganyo ule una mashimo mawili, na nilimchimbia baba yangu yote mawili nikiomba atumbukie hata katika moja.

Baba aliutazama. Wakili akaanza kukusanya karatasi. Kisha mzee akainuka, akaja akanisogeza kwa kiwiko. Aliandika kwanza, pembeni, kwa mwandiko wake ule ule wa zamani: x haiwezi kuwa 3.

Akaanza kuzidisha. Alipofika kwenye mbili mkono ukasimama. Nikasema kimoyomoyo, iache, baba, iache ipite. Akaizidisha. X ni sawa na tatu, jumlisha mbili x, toa sita. Akahamisha, akatoa, akapata x ni tatu. Akaishusha chaki kupiga mstari chini ya jibu, na chaki ilikuwa imeshagusa ukuta aliporudisha macho juu, kwenye ule mstari wake wa kwanza. Akamgeukia wakili.

"Hili ndilo tulilolikataza," akamwambia. "Wengi wanafeli hapa." Akalikata, akaandika: hauna jibu.

Niseme ukweli, kitu cha kwanza nilichokisikia ni fahari. Ilinijaa kifuani mpaka machozi yakanitoka. Huyu ndiye baba yangu! Ndipo nikamwona kaka anafuta uso kwa leso na wakili anafungua tena mkoba wake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wamesema wahenga, ila mimi sikuingia peke yangu.

"Mzee huyu ananizidi mimi," wakili akasema. Akamketisha baba, akamwekea karatasi za mauzo mapajani, akamsomea haraka haraka, akamwonyesha mahali. Baba akaweka saini yake ndefu yenye mkia, ile ya kwenye ripoti za wanafunzi. Halafu, chini yake, akaandika neno moja: *Jitahidi*.

"Mmeona?" nilipiga kelele. "Mmeona alichoandika? Anadhani ni ripoti ya shule! Hajui anasaini nini!"

"Dada, tulia," wakili akasema. "Saini ipo mahali pake. Hilo lingine halina madhara."

"Kaka!"

Kaka hakunitazama. Alikuwa amepiga magoti anamvalisha baba kandambili. "Nimechoka," akasema. "Wewe unakuja na chaki. Mimi nakuja na ndoo ya maji."



Nyumba ya kaka Chanika ni nzuri, ina vigae na milango myeupe inayofanana yote. Baba aliingia stoo akidhani ni choo. Usiku aliita watu tusiowajua, mchana aliketi karibu na geti na mfuko wa nailoni wenye miwani na shati moja, akimwomba kila anayeingia ampeleke kwake. Mke wa kaka alimhudumia kwa moyo, sina neno juu yake. Lakini baba aliacha kupapasa kuta. Alikaa tu.

Nilikuwa nakwenda Jumapili. Nilinunua ubao mdogo wa watoto, na Jumapili moja, sijui kwa nini, niliandika ule ule mlinganyo. Alishika chaki kwa ngumi. Hakuandika kitu pembeni. Akazidisha kila kipande, hata ile mbili hakuisahau, akapata x ni tatu, akapiga mstari chini yake, akapiga wa pili. Kisha akanigeuzia uso kama watoto wote waliowahi kukaa kwenye mkeka wetu.

"Nimepata?"

Nilikuwa natazama kosa lililokuja limechelewa. Angekosa hivyo mbele ya wakili, angekuwa kwake. Kule Kariakoo tayari walishabomoa mpaka uani, nilipita nikaona pamezungushiwa mabati. Nilitamani kumpa vema, nani angejua? Lakini huruma ya aina hiyo yeye hakuwahi kumpa mtu, na sikuwa na heshima nyingine ya kumpa iliyobaki. Nikaandika alama ya kosa.

Akaitazama. Hakukasirika. "Nimekosa wapi?"

"Hukuandika kwanza x haiwezi kuwa nini."

"Kweli," akasema taratibu. "Kweli kabisa. Nani alikufundisha?"

"Baba yangu."

"Alikufundisha vizuri. Yuko wapi sasa?"

"Yuko nyumbani kwake," nikasema.

Baba akaupapasa mfuko wake wa nailoni, akautazama mlango mweupe, kisha ule mwingine.

"Ana bahati," akasema.