Hakimu na Pasi ya Nywele

Wifi yangu ni msusi, na mtaa mzima unamwita Hakimu. Jina hilo alipewa na wateja wake wenyewe. Ukikaa kwenye kiti chake hakuulizi unataka mtindo gani. Anakufungua kitambaa, anaingiza vidole mpaka kwenye ngozi, halafu anatoa hukumu: hizi zitasukwa, hizi zipumzike miezi mitatu, hizi zikatwe uanze upya. Hakuna rufaa. Wapo waliotoka pale wamenuna, wakaenda saluni nyingine, na baada ya wiki chache wakarudi wamejifunga mtandio mpaka kwenye nyusi. Hakimu hawacheki. Anavuta kiti tu.

Chumba chake kiko nyuma ya duka la misumari na rangi. Kina dirisha moja, viti viwili, na kioo chenye ufa ambao ameuziba kwa kibandiko cha ua. Amefanya kazi humo miaka ishirini na miwili. Yeye mwenyewe hana nywele. Kichwa amekinyoa kikang'aa kama sahani, na juu ya masikio hufunga utepe mpana, kama mkimbiaji. Watu humtania kwamba msusi gani huyo asiyekuwa hata na unywele wa kuonyesha, naye huwajibu kwamba mganga hajigangi. Nami nilicheka na wenzangu miaka yote hiyo, nikidhani kipara ni urembo wake.

Mimi ni dobi. Shule niliiacha mapema, lakini kitambaa nakijua kwa kukigusa, hata nikifumba macho: hii pamba, hii hariri, hii sufu. Shati la kitani nalinyunyizia maji kabla ya pasi, maana kitani kikavu hakinyooki hata ukibembeleze vipi. Habari hii ya maji naisema mapema kwa sababu ndiyo iliyoniponza.

Binti yangu amechukua nywele za upande wa baba yake: nyingi, nzito, ngumu. Chanuo likitaka kupita linaomba ruhusa. Alipokuwa na miaka kumi na saba aliazima pasi ya nywele kwa rafiki yake, akaniomba nimnyooshe, kesho yake walikuwa wanapigwa picha shuleni. Nilifurahi kuombwa. Nikafanya kama nifanyavyo kazini. Nilichukua chupa yangu ya maji, nikamnyunyizia nywele za mbele, nikangoja zilainike, nikabana. Pasi ikalia chiii na mvuke ukapanda. Kwenye nguo, mlio ule ndio unaokwambia kazi inakwenda. Nikabana tena, kwa nguvu zaidi. Nilipoachia, shungi lote la mbele lilibaki kwenye pasi.

Hakulia mbele yangu. Alijifunga kitambaa na picha akapiga nacho. Tangu siku ile, miaka miwili, hakuniruhusu kugusa kichwa chake. Hatukugombana. Ila nikinyoosha mkono nimtoe uzi ulioangukia nywele, anainamisha shingo pembeni, polepole, kama mtu anayepisha tawi njiani. Ukiliona jambo hilo kila siku huhitaji kuelezwa.

Mwezi uliopita alipata kazi kwenye kaunta ya duka la dawa. Nywele za mbele zilikuwa zimeota zikazifikia za nyuma, akasema sasa atanunua pasi yake mwenyewe, kama ile ya rafiki yake. Kila alipotoka nilimwona akilini mwangu akirudi na kibunda cha nywele zilizoungua mkononi. Nilimwomba asinunue. Akanijibu kwa adabu zote, "Mama, sitaki kukubishia, ila hili niachie mwenyewe."

Nikaenda kumshtaki kwa shangazi yake, nikiamini Hakimu atamkataza na mambo yaishe. Alikuwa anamfumua mteja, hakuinua macho. Alisema binti ana mshahara na ana miguu, pasi itanunuliwa tu, nami ningependa inunuliwe tukiwepo au tusipokuwepo?

"Wanasema mtoto akililia wembe mpe," akaniambia. "Mimi nasema mpe, ila mwonyeshe mpini kwanza."

Jumamosi tukaenda dukani watatu. Binti alikuwa ametoa sharti moja, na alimpa shangazi yake, si mimi: mama aje, lakini asiguse. Nikabeba mikoba ya wote ili mikono yangu iwe na kazi.

Muuzaji alikuwa baba mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Alikitazama kichwa cha binti, akaenda moja kwa moja kwenye pasi yenye moto kuliko zote, akaisifia kwamba inanyoosha hata waya. Hakimu akamuuliza kama amemwona mtu amekuja na waya. Akamweleza, bila ukali, kwamba watu wengi hukosea hapo hapo. Nywele nzito hazihitaji kuchomwa; zinahitaji joto linalotulia pale ulipoliweka, ili upitishe mara moja na kuachia. Joto likiyumba, utapitisha mara tano, na hizo tano ndizo zinazokata nywele.

Basi akaanza kuzihukumu zile pasi. Zilizokuwa na taa nyekundu tu, bila namba za joto, alizisukuma pembeni. "Mtu asiyesema ana hasira kiasi gani, mimi simkaribishi nyumbani," alisema. Nyembamba nazo akazikataa: zinafaa nywele fupi na ukingo wa paji, lakini kwa msitu ule binti angechoka mikono kabla hajafika nusu. Alitaka bapa la kubania lenye upana wa vidole viwili. Kisha akatoa kwenye mkoba wake, niliokuwa nimeubeba, soksi kuukuu ya nailoni, akaibana ndani ya kila pasi na kuivuta. Pasi mbili zilikamata uzi. Hizo akazirudisha mwenyewe kwenye maboksi. Inayokwama kwenye soksi, alisema, itakwama kwenye nywele. Nyingine akaibana na kuinyanyua mbele ya mlango. Mwanga ukapenya katikati, maana mabapa yake hayakukutana. Muuzaji alikuwa ameshavaa miwani yake kufikia hapo, anatazama kama mwanafunzi.

Zikabaki mbili, nyeusi na ya kahawia, zimefanana kama mapacha. Zote zilipita kwenye soksi, zote zilifumba vizuri, zote zina namba. Hakimu akazishika moja huku moja kule, na kwa mara ya kwanza nikamwona hana hukumu. Binti akasema basi achukue nyeusi, ndiyo nzuri.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na mikoba yangu. Niliogopa kusema. Lakini niliogopa zaidi kunyamaza.

"Wifi," nikasema, "kabla hamjalipa, naomba zichomekwe. Na naomba maji kidogo."

Kusikia neno maji, binti yangu aligeuka akanitazama, mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye paji la uso.

"Si ya nywele," nikamwambia. "Ni ya kitambaa."

Nilikuwa na kitambaa cheupe cha mkono. Nikakilowesha, nikakikamua, nikakikunja. Hakimu akaziweka zote kwenye namba ile ile ya joto, zikapata moto. Nikaibana nyeusi, nikahesabu mpaka tano, nikafungua. Upande wa karibu na mpini kitambaa kilikuwa kimekauka na kuanza kugeuka rangi, upande wa ncha bado majimaji. Nikakikunja upya, nikaibana ya kahawia, nikahesabu tano zile zile. Kimekauka sawasawa, mwanzo mpaka mwisho, kama mstari wa rula. Nikawaeleza ninavyojua kutoka kazini: pasi yenye baridi upande mmoja inakudanganya ukandamize tena na tena kwa ajili ya ule ubaridi, kumbe upande wenye moto unaunguza nguo ya watu.

Hakimu akakitazama kile kitambaa. Kisha akairudisha nyeusi kwenye boksi.

Binti ndiye aliyesema. Alisema polepole, wala hakuwa na hasira. "Kumbe mama unajua haya yote. Mbona siku ile hukujua?"

Nikamwambia nilijua nguo. Nilidhani nywele na nguo ni kitu kimoja, na sikumuuliza mtu.

Hakimu akausukuma utepe wake juu. Nyuma ya sikio la kushoto ngozi ilikuwa laini, imevutika, pana kama kiganja cha mtoto. "Kitana cha chuma," akamwambia binti, "jiko la mkaa, na mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa mkubwa kuliko wewe, na nilikuwa nimetoka kuoga, nywele bado majimaji. Hapa hapajaota tena, ndiyo maana nanyoa. Mama yako hakukufikia ngozi."

Nimekuwa wifi yake miaka ishirini na mmoja na sikuwahi kuliona lile kovu. Tulipokuwa tunatoka nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka miwili yote niliyokuwa nikijitafuna. Akashusha utepe wake.

"Ulikuwa unajilaumu vizuri tu, wifi. Sikuona unapohitaji msaada."

Kesho yake asubuhi, nyumbani kwetu, binti aliosha nywele, akazikausha kwa draya, akapaka mafuta ya kukinga moto, kama alivyoelekezwa. Hakimu alikaa kwenye kiti cha mlangoni na kikombe cha chai, akitoa amri kwa mdomo. Joto lianzie chini, liongezwe tu likishindwa. Fungu jembamba, chanuo litangulie, pasi ifuate, mara moja. Binti akanyoosha mbele, akanyoosha pembeni, zikashuka zinang'aa mpaka mabegani. Nyuma hakuona, na mikono ilikuwa imechoka. Akamwomba shangazi yake amsaidie.

"Nina chai mkononi," Hakimu alisema, na kile kikombe nilikuwa nakiona, kilikuwa tupu.

Binti alikuwa ameketi mkekani, mimi kitini nyuma yake; akaigeuza ile pasi mkononi. Halafu, bila kugeuka, akainyoosha juu ya bega lake kunielekea mimi, mpini mbele.

Niliipokea. Akajisogeza mpaka mgongo wake ukagusa magoti yangu, akainamisha shingo, safari hii kuja kwangu. Sikuanza na pasi. Niliugeuza mkono mmoja, nikapitisha mgongo wa kiganja ndani ya zile nywele nzito, chini kabisa, kama ninavyogusa shuka lililotoka kwenye kamba.

"Hapa bado pana unyevu," nikasema.

"Tufanyeje?"

Nikaiweka pasi mezani. "Tungoje," nikamwambia, na mkono wangu nikauacha pale pale.