Mamdogo na Glasi Kavu

Wateja wote wa kibanda kile cha turubai, nyuma ya kituo cha treni Seoul, humwita mwenye kibanda mamdogo, hata wenye mvi kama Pyo. Mkono mmoja unageuza miguu ya kuku yenye pilipili juu ya mkaa, mwingine unapangusa meza iliyokwisha kutakata. Mdomo nao haupumziki: "Kula kwanza, we! Hilo tumbo si pipa!" Lakini macho yake yako kwenye glasi. Pale mtu hajimiminii pombe, humiminiwa na mwenzake, na Pyo kila jioni huja peke yake. Hata hivyo hajawahi kugusa chupa. Glasi ikikauka tu, mamdogo huyo, anamimina, anaondoka akinung'unika.

Jioni moja mvua iliwafukuza wateja wengine. Mamdogo akajibwaga kwenye kigoda, akavuta chupa ajimiminie.

"Mamdogo! Ndiyo nini hiyo?" Pyo akampokonya chupa, akammiminia kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Mamdogo aliipokea ile glasi kwa mikono miwili naye. Kisha akainywa yote, akaisogeza tena mbele.

"Mbona umenipunja?"