Sauti Yangu Iliolewa Bila Mimi

Nilikuwa nimekaa sinema, hapa Sverdlovsk, mji wa Urusi, nikajisikia nikikubali kuolewa. Sauti ilikuwa yangu. Neno sikuwa nimelisema.

Kazi yangu ni kuingiza sauti kwenye filamu. Mwigizaji anacheza, mimi namsemea studioni.

Filamu ile ilimhusu Klavdia, mkuu wa kiwanda cha nguo. Mwishoni mwanamume anamposa kwa sharti moja: nyumbani, kauli ya mwisho iwe yake.

Klavdia anageukia dirishani. Anasema, "Hapana."

Baraza la sanaa la studio likakataa. Mwanamke hawezi kuongoza kiwanda kizima halafu alale peke yake, walisema. Watazamaji watahuzunika.

Rodion, mwongozaji, akaniita.

"Aglaya, pale mdomo wake hauonekani. Sema 'Nakubali', filamu itoke, sote tupumue."

"Mwite mwingine."

"Sauti ya Klavdia ni yako tangu mwanzo. Acha ubishi, dada, ni neno tu."

"Kama ni neno tu, liache lililopo."

Nikavaa koti, nikaondoka. Nilikuwa nimetoka kufungua shauri la talaka. Mume wangu, Valerian, alikuwa na sharti lilelile, ila yeye hakulitaja kabla ya ndoa.

Sasa pale sinema, wanawake walionizunguka walikuwa wanafuta machozi ya furaha.

Kesho yake Faina, jirani ninayechangia naye jiko, akanigongea mlango.

"Njoo umwone mumeo. Kaja na sanduku na maua. Kakalia kiti changu."

Valerian akasimama. "Nimekusikia. Ungeniambia nyumbani tu, si mpaka nikate tiketi."

"Ile ni filamu, Valerian."

"Sauti yako naijua. Pale ulikubali kweli. Mtu haigizi vile."

"Hata mimi nililia, mwanangu," Faina akadakia. "Msamehe tu."

Mahakamani Valerian akayarudia hayohayo.

Hakimu, mama wa makamo, alikuwa ameiona filamu. Angeweza kutupa miezi ya kusuluhishana, na miezi hiyo Valerian angerudi kuishi chumbani kwangu. Nilijua hangetoka tena.

"Sauti ni yako?" akaniuliza.

"Ni yangu."

"Basi ulikubali nini?"

Nilikuwa nimeshamuuliza mhariri wa filamu. Rodion alilichomoa neno lile kwenye mkanda wa zamani, filamu ya vita.

"Nilikuwa namsemea muuguzi aliyejeruhiwa," nikamwambia hakimu. "Daktari anamweleza kuwa mguu umeoza, lazima ukatwe, na dawa ya usingizi imekwisha. Anajibu, 'Nakubali.'"

Hakuna aliyecheka. Valerian alikuwa anaigeuzageuza kofia mikononi.

Talaka ikatolewa. Filamu bado inaoneshwa, na watu bado wanalia kwa furaha palepale.

Ukisikia mwanamke amekubali, uliza kwanza aliulizwa nini.