Simama Hapo Hapo

Redio ya fundi wa stendi ya Mpwapwa haina kava, na ikiwa peke yake hukoroma tu. Mtu akisogea, sauti inanyooka, maana mwili wa binadamu huathiri mawimbi yanayoizunguka antena hata kabla mkono haujaifikia. Ndiyo maana kila mteja huambiwa, macho ya fundi yakiwa bado kwenye kazi: “Simama hapo hapo, inashika.” Mteja mmoja, Sikudhani, aliyefuata redio yake iliyokwisha kupona, alisimama hivyo mpaka taarifa ya habari ikaisha. Alipogeuka kuondoka, mkoromo ukarudi.

“Kinyozi hajinyoi,” akamtania. “Si waya tu huo, fundi? Ya kwako utaitengeneza lini?”

Vidole vya fundi, vilivyounguzwa na miaka ya kulehemu, vikaugusa ule waya uliolegea, vikauacha.

“Ikipona, mwanangu, nitamwomba nani asimame?”