Risasi moja ya Bibi Märta: nilivyowinda panya wa mizizi Hässelby

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Leo nashusha story yangu mwenyewe, sijatia chumvi hata ya kuonja. Asiyeamini aje Hässelby huku Sweden, mwisho wa reli ya kijani, nimwonyeshe pale pale. Siku hizi pamejaa nyumba lakini, kwa hiyo itabidi aniamini tu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi kijana wa Muheza, darasa la saba, mdomo mwingi. Mradi mmoja ukanileta Sweden kujifunza kazi ya bustani, nikapangiwa kwa Bibi Märta.

Bibi alikuwa mjane. Ana nyumba za vioo za maua na shamba la miche. Mkali, haongei sana, halafu anaweka ugoro mdomoni. Nilipouona ule ugoro nikasema ah, hapa nyumbani.

Sasa tatizo.

Mwaka ule Bibi alikuwa na miche ya tufaha, mistari na mistari, na mnunuzi angeichukua yote majani yakianza kuanguka. Na wajenzi walishaanza kumzunguka, wanaitaka ardhi.

Akaniambia wazi: "Miche ikifa, nauza shamba. Nikiuza, wewe unarudi kwenu."

Na kweli ilikuwa inakufa. Kuna panya wanamwita sork. Mnene, mkia mfupi, anaishi chini ya ardhi na chakula chake ni mizizi. Unauona mche umesimama vizuri, majani ya kijani. Unaugusa kwa kidole, unalala chini. Ukiutazama huku chini, umechongwa kama penseli.

Nikajisemea, kazi ndogo hii. Kwetu tumekua tunaamia mpunga, ndege wakija unapiga debe na makelele mpaka wahame wilaya.

Basi Jumapili asubuhi, Hässelby yote imelala, mimi niko katikati ya miche na debe na fimbo. "Hoooo! Tokaaa! Nendeni kwenu!"

Wakuu, panya yuko chini ya ardhi. Hana habari.

Mwenye habari alikuwa jirani, Bwana Holger. Alitoka na pajama, akanitazama, akarudi ndani. Hakusema neno. Aliyekuja kusema ni polisi.

Polisi akaliangalia debe, akaniangalia mimi, akamuuliza Bibi: "Huyu anaumwa?"

"Hapana," Bibi akasema. "Anafanya kazi."

Polisi alipoondoka, Bibi akafungua kabati akatoa bunduki. Ya marehemu mumewe. Nyembamba, kitako kimeng'aa kwa kushikwa, inakula risasi ya point twenty-two, ndogo kama punje ya mahindi. Unaweka moja, unapiga, unaweka nyingine. Bibi mwenyewe alikuwa na kibali chake, ila mikono ilikuwa inatetemeka, hapigi tena.

"Hapa hatupigi kelele," akaniambia. "Hapa tunakaa kimya."

Mimi kukaa kimya! Ningepewa shamba lote nilime kwa mkono ningeona nafuu.

Akanifundisha. Sork hapendi upepo ndani ya nyumba yake, kama Mswidi mwenyewe. Ukitoboa njia yake, lazima arudi kuziba. Wewe unafungua tundu, unakaa, unasubiri.

Na sheria za Bibi. Unapiga kuelekea kwenye tuta la udongo tu. Nyuma ya panya ukiona kitu kingine chochote, hupigi. Na yeye anakaa pembeni yako kwenye ndoo iliyopinduliwa, risasi ziko kwenye mfuko wa aproni yake. Anakupa moja. Ukiitumia, ndiyo unapata nyingine.

"Kwa nini moja moja?" nikamuuliza.

"Mwenye nyingi hafikiri."

Basi nikaanza. Ile bunduki wakuu, tamu! Hailii, inakohoa tu. Nikaizoea mpaka nikawa naisalimia asubuhi. Miche ikaanza kupona.

Rafiki yangu Okello, Mganda, alikuja kunitembelea kutoka Alby, upande wa pili wa jiji, akanikuta nimelala kifudifudi kwenye udongo.

"Ndugu yangu," akasema, "umepanda ndege kuja Ulaya kuwinda panya?"

"Na napewa chakula na kitanda juu yake."

"Hapana, mimi siwezi. Mimi nimekimbia watu wenye bunduki, sasa nakuja kukutembelea na wewe unayo!"

Tulicheka mpaka Bibi akatutupia donge la udongo. Kimya!

Lakini Holger hakucheka. Alikuja kwenye uzio, mbwa wake pembeni, akamwambia Bibi: "Yule wa debe umempa bunduki? Nikiona kitu kidogo tu, napiga simu tena."

Na hapo ndipo roho ilinikaa juu. Polisi wakiichukua bunduki, miche kwisha. Miche kwisha, shamba kwisha, mimi huyo Muheza, sijui hata kukata tawi vizuri.

Alikuwa amebaki sork mmoja, mkubwa, mjanja, kwenye mistari ya mwisho karibu na uzio wa Holger. Mnunuzi anakuja wiki ile ile. Nikafungua tundu. Bibi akanipa risasi. Tukakaa.

Tukakaa tena. Mguu ukafa ganzi. Pua inawasha.

Udongo ukatikisika. Pua ikatoka, halafu kichwa. Nimemlenga pale pale, kidole kwenye kifyatulio.

Mbwa wa Holger akatokea juu ya tuta, anatingisha mkia.

Wakuu, panya alikuwa wangu. Na mbwa alikuwa juu kidogo tu, pengine nisingemgusa. Pengine.

Nikatoa kidole. Nikafungua bunduki, nikaitoa risasi, nikamrudishia Bibi mkononi. Sork akageuka akaingia ndani, naapa kama ananicheka.

Bibi akaipokea. Akairudisha kwenye aproni.

Nikainua macho. Holger alikuwa kwenye uzio, mweupe kuliko kawaida yake, na ile si kazi rahisi. Ameona yote.

Kesho yake asubuhi akaja na thermos ya kahawa. Mbwa amefungwa kamba. Akapindua ndoo yake, akakaa karibu na Bibi. Wazee wawili kwenye ndoo, mimi kwenye udongo, hakuna anayepumua.

Sork akaja kuziba tundu lake. Nyuma yake udongo mtupu.

Bunduki ikakohoa.

"Bra," Holger akasema. Maana yake vizuri. Kwa Mswidi ile ni hotuba.

Mnunuzi alikuja, akachukua miche. Shamba likaendelea mpaka nikamaliza mafunzo nikapata cheti. Na mpaka Bibi alipozeeka kabisa akauza kwa hiari yake, mimi nikiwa mtu wa bustani aliyekamilika. Kila mkate niliokula hapa umetoka pale.

Kabla hajahamia kwenye nyumba ya wazee aliniachia ile bunduki. Vibali vyake vilinitoa jasho, tuyaache hayo. Aliniletea imefungwa kwenye aproni yake, na mfukoni kulikuwa na risasi.

Moja.

Angeweza kunipa boksi zima. Wajukuu wangu huniuliza kwa Kiswidi kwa nini siipigi ile risasi, mimi nawajibu kwa Kiswahili waumie kidogo: hii ilishafanya kazi yake siku niliyoirudisha.

Nilichojifunza ni kwamba watu wataniamini kwa ninachokiacha, si kwa ninachokipiga tu. Asante Bibi Märta, popote ulipo, ugoro usikuishie.

Haya, waliowahi kuaminiwa na mtu ambaye hakuwa na sababu ya kuwaamini, njooni hapa chini. Na kama kuna aliyewahi kumwamia panya kwa debe, ajitokeze nisijione peke yangu.