Nilisaini kwamba maji ya kisima jirani na dampo ni salama

Wakuu, heshima zenu. Hili nimekaa nalo miaka mingi na sitatia chumvi hata punje. Anayetafuta cha kuchekesha apite uzi mwingine.

Sasa naishi Tanga, ila ni mzaliwa wa Andoany, kisiwani Nosy Be, Madagascar. Ukoo wetu ni Wangazija.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kupima maji. Kila baada ya miezi mitatu natumwa Mahajanga.

Pembeni mwa mtaa wa Tanambao palikuwa na dampo la zamani. Lilishafungwa, likafukiwa kwa udongo mwekundu, majani yakaota juu. Lakini takataka haziishi kwa kufukiwa. Mvua ikinyesha maji yanapenya, yanashuka chini na uchafu wake.

Kwa hiyo tulichimba visima vyembamba vya kupimia kuzunguka dampo. Tukawa tunachota pia sample za mtaro unaotoka pale, na za kisima kimoja cha nyumbani.

Kisima hicho kilikuwa cha Koko Moinaecha. Koko kwetu ni bibi. Si bibi yangu wa damu, ila Wangazija wa ugenini sote ni jamaa. Aliishi na binti yake na mjukuu mchanga, Nasra, aliyezaliwa karibu na safari yangu ya tatu. Mama hakuwa na maziwa, mtoto alikunywa ya kopo, yaliyokorogwa kwa maji ya kisima.

Sasa adabu ya kwetu, huwezi kumvamia mtu mzima nyumbani kwake bila taarifa. Kila safari nilitanguliza salamu siku mbili kabla, kupitia kwa muuza duka wa jirani.

(Wenzangu wa maabara walikuwa wananicheka kwa hilo. Nikawaona hawana malezi.)

Majibu yakawa yanatoka hivi: mtaro mchafu, visima vya kupimia vinazidi kuharibika, kisima cha Koko safi kabisa.

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Mimi nikaandika kwenye report kwamba udongo unachuja vizuri. Nikampa Koko karatasi yenye saini yangu kuwa maji yake ni salama. Alinishukuru mpaka nikaona aibu.

Safari ya nne nilipata lifti, nikafika siku moja kabla ya ahadi. Nikaenda moja kwa moja.

Nikakuta wanawake wanakausha kisima ndoo kwa ndoo na kumwaga uani. Wengine wanaleta madumu ya maji ya bomba la mtaa, wanayamimina kisimani.

"Koko, mnafanya nini?"

"Tunakusafishia, mwanangu. Kila ukija tunakusafishia. Mgeni nimchotee maji yale ya chini, mimi sina haya?"



Nikauliza Nasra yuko wapi. Wanawake wakaweka ndoo chini.

"Tumemzika Ijumaa," akasema Koko.

Akaniambia midomo na kucha zilikuwa zimegeuka buluu. Nikajua. Nitrati ikizidi kwenye maji, damu ya mtoto mchanga inashindwa kubeba hewa. Kuchemsha hakuiondoi, na Koko alikuwa anachemsha kila siku.

"Daktari aliuliza tunamnywesha maji gani. Nikamwonyesha karatasi yako. Akasema basi si maji, labda ni moyo."

Alisema kwa upole kabisa, kama anayenifariji.

Nilimwambia ukweli palepale. Alikaa chini kwenye tope. Binti yake aliingia ndani akafunga mlango, na sikumwona tena.

Baada ya wiki mbili nilirudi bila salamu wala taarifa. Nikachota maji ya kweli ya kisima kile. Nitrati ilikuwa juu mno, na hakukuwa tena na mtoto wa kumkinga.

Nilichojifunza: ukija kupima, usitangulize salamu wala habari, hata wakikuita huna adabu. Na majibu mazuri yasiyofanana na ya visima jirani, yatilie shaka kuliko mabaya. Wahenga wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuja mara nne, na mwenyeji akazika.

Kuna mwenye kazi ya kukagua humu, iwe maji, chakula au majengo? Uliwahi kuandaliwa hivi bila kujua? Semeni, hata la kunilaumu nitalisoma. Mama yake Nasra hakuwahi kuniambia chochote, na hilo ndilo zito kuliko yote.