Siku Niliyomtafsiria Baba Mkwe Gemu Nikidai ni Filamu

Naanza kwa kukiri aibu yangu mapema ili msije mkaisikia kwa wengine: mimi Masatu, mtafsiri wa filamu ninayejulikana Manyamanyama yote mpaka Guta, nilikaa mbele ya baba mkwe wangu mtarajiwa nikamuua steringi mmoja, yaani shujaa wa filamu, mara tatu mchana kweupe, na kila alipofufuka nikasema huyo ni ndugu yake. Chekeni tu. Mimi mwenyewe bado sijaanza.

Kazi yangu mnaijua. Filamu inakuja na lugha yake, mimi nakaa pembeni ya skrini na maiki, naigeuza Kiswahili na kuitia chumvi, maana watu wa banda la video hawaji kusikia tafsiri kavu, wanakuja kusikia jambazi akitukanwa na wakwe wakisemwa. Sasa nilikuwa nimeposa kwa Neema, anayeuza kwenye duka la dawa hapa Bunda, na baba yake ni mfugaji wa Butiama, mtu wa maneno machache, ambaye mshenga alipomtajia kazi yangu aliuliza, "Kutafsiri? Hiyo inafugwa wapi?"

Nikaenda kumsalimia. Nikamsimulia filamu mbili za mchungaji mmoja ambaye majambazi walimwibia ng'ombe wake wote, akawafuata mlima kwa mlima, na mzee akasikiliza mpaka chai yake ikapoa (mama Neema aliniambia baadaye kwamba haijawahi kutokea). Nilipofika mwisho wa ya pili akauliza, "Na ng'ombe zilirudi?" Nikasema hiyo iko sehemu ya tatu. Akasema basi Jumamosi atakuja Bunda na dada yake, waione hiyo ya tatu na waione kazi yangu kwa macho, halafu ndipo atamjibu mshenga. Kwa hiyo mnaelewa. Ndoa yangu nzima ilikuwa imekaa juu ya sehemu ya tatu.

Filamu niliagiza Musoma mjini, ikaja kwenye flashi, na mimi kwa ujuaji wangu sikuijaribu. Jumamosi wageni wamefika, wamewekwa viti vya mbele vyenye mito, wamepewa soda, banda limejaa, nachomeka flashi, jina la filamu linatokea vizuri, halafu picha inaganda. Nachomoa, napuliza, nachomeka, inaganda. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama akasema, "Baba, samahani, filamu imekataa." Ni maneno manne tu. Mimi nikatoka mlango wa nyuma nikaenda kwa Hamisi.

Hamisi ana banda la gemu jirani yangu, na alikuwa na gemu lililotengenezwa kutokana na filamu hizo hizo, mchungaji yule yule, mlima ule ule, mpaka kofia. Nikamwambia lete mashine yako, ukae nyuma ya pazia na pedi, wewe mwendeshe steringi, mimi nitafsiri, mzee hatajua. Hamisi akaniangalia kwa huruma. "Masatu, hilo gemu lina matatizo yake. Halafu mimi alasiri nasali." Nikamwambia matatizo niachie mimi.

Niseme haki, gemu lina uzuri wake. Mvua ilipoanza kunyesha mle ndani watu wa nyuma walisogeza miguu. Majani yalikuwa yanalala upepo ukipita, uso wa steringi ulikuwa ni ule ule wa kwenye filamu, na ng'ombe walitembea kwa uzito wao kabisa, kichwa chini, mkia ukifukuza nzi, mpaka nikamsikia Baba Neema akimwambia dada yake taratibu, "Hizi zinatembea kweli." Moyo ukatulia. Nikaanza kutafsiri kwa mbwembwe na nikaona kama vile mahari tumeshakubaliana.

Halafu steringi akatembea mpaka ukutani, akaendelea kutembea. Ukuta haumpishi na yeye haachi, miguu inakwenda, mtu yuko pale pale. Nikasema kwenye maiki kwamba anapima nguvu za ukuta. Akageuka, akafika kisimani kwa mama mmoja wa kijiji, mama akasema jambo, nikatafsiri kwamba majambazi wamepita kaskazini. Hamisi kwa bahati mbaya akampitisha tena pale, mama akasema tena, nikatafsiri kwamba nyumbani hawajambo ila mbuzi mmoja anaumwa. Mara ya tatu nikamfanya mama aombe chumvi. Shangazi wa Neema, ambaye hakuna kinachompita, akasema, "Huyu mama mdomo unachezaga vile vile, maneno ndiyo yanabadilika." Nikajifanya sijasikia.

Na hapo ndipo steringi akapigwa risasi akafa.

Sasa, kila mtu aliyewahi kukaa banda la video anajua steringi hafi. Anaweza kuchomwa visu, akaanguka mlimani, akanywa sumu, lakini hafi, ndiyo maana ni steringi. Baba Neema akainama mbele. Na kabla sijapata la kusema, yule yule akatokea tena pale kwenye mti wa mwanzo, nguo safi, kofia kichwani, na mimi mdomo wangu huu uliolaaniwa ukasema, "Watazamaji, kumbe marehemu alikuwa na pacha wake!"

Watu wakapiga makofi, nikajiona fundi. Ila Hamisi siku hiyo alikuwa anacheza vibaya sana (alisema baadaye ni kwa sababu nilikuwa namkanyaga waya), pacha naye akafa. Nikasema walizaliwa watatu. Wa tatu akazama mtoni. Nikasema kumbe wanne. Huku natoka jasho nikamwona Shangazi ameweka soda chini na kujifunika vizuri khanga yake, na ndipo nikakumbuka ambacho Neema aliniambia kabisa kwa mdomo wake: shangazi yake ni mama wa mapacha, na mmoja walimzika. Kwetu huku mapacha hawataniwi. Wana ngoma zao, wana taratibu zao za kupokelewa na za kuzikwa, na mama yao anaheshimiwa popote aendapo, halafu mimi nimekaa na maiki nawaua kwa zamu nikipigiwa makofi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mngedhani hapo nilijifunza. Pazia likatikisika, Hamisi akaninong'oneza, "Alasiri hiyo, narudi sasa hivi," akaweka pedi chini akaenda zake msikitini, na hakusimamisha mchezo kwa sababu mimi mwenyewe nilimkataza, maana ukiusimamisha yanatokea maandishi makubwa. Basi steringi akabaki amesimama katikati ya uwanja. Anatazama juu. Anajikuna shingo. Anahamisha uzito mguu mmoja kwenda mwingine. Anajikuna tena.

Nikasema anafikiri. Nikasema bado anafikiri. Watu wakaanza kuguna, vijana wa Guta huko nyuma wakaanza kupiga miluzi, na mtafsiri akiona banda linamponyoka ana dawa moja tu anayoijua, anasema wakwe. Ni mazoea ya kazi, mkono unakwenda wenyewe. Nikabadilisha sauti nikawa steringi: "Majambazi wameniibia kwa bunduki, nashukuru, maana baba mkwe wangu anataka kuniibia ng'ombe wale wale kwa mdomo, tena huku amekaa kwenye kiti chenye mto!"

Banda likaripuka kwa kicheko. Nikacheka na mimi. Kisha nikaangalia viti vya mbele, nikaviona vile viti viwili tu vyenye mito, na Baba Neema amekaa kwenye kimoja, hacheki, ananiangalia kama anayemkagua ng'ombe mgonjwa mnadani.

Hamisi akarudi wakati huo huo, kwa haraka akabonyeza pasipotakiwa, ramani kubwa ikajaa skrini nzima, na fundi baiskeli mmoja, mteja wangu wa siku zote, akashindwa kuvumilia. "Hamisi, toa ramani, zunguka kulia, farasi yuko nyuma ya ghala." Ndipo nikajua kwamba wateja walilitambua gemu tangu mwanzo na walikuwa wamenyamaza kunisitiri.

"Hamisi ndiye nani?" akauliza Baba Neema.

Alisimama mwenyewe akavuta pazia, na Hamisi alikuwa pale juu ya kreti la soda, pedi mkononi, udhu haujakauka. "Shikamoo mzee," akasema.

"Marahaba. Hii ndiyo unaendeshea?"

"Ndiyo, mzee. Ni gemu. Filamu ilikataa."

Ona hapo. Maneno yale yale, na Hamisi aliyasema bila kupungukiwa na kitu.

Mzee akamwambia amalizie, anataka kuona ng'ombe. Hamisi akaacha haraka akacheza kwa utulivu, akawavusha ng'ombe mto, akawapandisha, akawaingiza zizini mmoja mmoja, na mimi nimekaa na maiki iliyozimwa. Mzee aliangalia mpaka mwisho, akamshukuru Hamisi, akamsaidia dada yake kuinuka. Kisha akanigeukia, wala hakupandisha sauti.

"Kijana, ungeniambia filamu imekataa, ningekunywa soda nikarudi Butiama, kesho yake ningemjibu mshenga vizuri. Hata ng'ombe anakataaga kutoka zizini, sio dhambi. Kazi yako nimeiona na unaiweza sana. Umenidanganya nikiwa mbele yako na mimi nikaamini. Sasa siku nikupigie simu niulize mwanangu anaendeleaje, uniambie mzima, nitajuaje kama sio pacha?"

Shangazi alipita bila kunipa mkono.

Neema hakugusa habari ya gemu, wala ya baba yake na kiti. Aliniambia niende Butiama kwa shangazi yake, peke yangu, bila mshenga na bila utani, nikaombe radhi kwa ajili ya mtoto wake aliyekufa. Nilikwenda. Shangazi aliniacha nimesimama uani muda mrefu kabla ya kuniambia nikae, na alichonijibu ni chake na changu.

Posa haikukataliwa. Mshenga ameambiwa aanze upya, tangu ile siku ya kwanza ya kubisha hodi. Gemu lile lina kasoro nyingi na nimewatajia, lakini ukifia mle unarudishwa karibu na pale ulipoangukia. Kwa wakwe nimerudishwa getini. Kazi sijaacha, ila siku hizi flashi ikigoma nasimama mbele ya watu wote, nazima maiki, nasema filamu imekataa. Wengine wanazomea, wengine wanaenda kwa Hamisi. Mimi nakaa kwenye banda tupu nikisubiri simu kutoka Butiama.